Mgonjwa Auliza: Dawa Hii ni ya Nini?

Mtu alalaye hospitali ana unyonge wake. Analetewa kidonge, anakimeza. Anaambiwa ageuke, anachomwa sindano, ananyamaza. Wengi wetu tunadhani kwamba kumwuliza mganga ni kukosa adabu. Twasema: «Yeye amesoma, sisi hatukusoma, tumwache afanye kazi yake.» Maneno hayo yana heshima ndani yake, lakini yana hatari pia.

Leo twataka kusimulia habari za ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, pamoja na dawa zake. Wazee wetu wa Kongo waliujua vema. Katika habari hizo tutaona namna watu walivyofika polepole kukubali kwamba mgonjwa anayo haki ya kujua dawa inayoingia mwilini mwake. Haki hiyo haikushuka tu kutoka vitabuni. Ililipiwa kwa macho ya watu.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa usingizi unaletwa na kijidudu kidogo sana kiitwacho tripanosoma. Nzi mmoja, mbung'o, anakichukua katika damu ya mtu mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Kwanza mtu anashikwa na homa, kichwa kinamwuma, tezi za shingo zinavimba. Baadaye kijidudu kinaingia ubongoni. Hapo mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, akili zake zinabadilika, anakonda, na asipotibiwa kwa kawaida anakufa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulienea vibaya. Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Katika Kongo vijiji vingi vya kando ya mito vilibaki mahame. Mwaka wa 1903 David Bruce alionyesha huko Uganda kwamba mbung'o ndiye mwenye kuuchukua ugonjwa. Mwaka uleule shule ya tiba ya Liverpool ilituma waganga Kongo, miongoni mwao Joseph Dutton na John Todd. Dutton hakurudi kwao: alikufa Kasongo mwaka wa 1905 kwa homa ya papasi.

Serikali ya wakati ule ilianza kuwatenga wagonjwa katika nyumba zilizoitwa lazareti. Aliyeonekana na tezi za shingo zilizovimba aliweza kuchukuliwa mbali na ndugu zake. Wengi walioingia hawakutoka tena. Si ajabu basi kwamba watu waliwaficha wagonjwa wao, na waliofungiwa humo walitafuta njia ya kutoroka. Palipo na hofu namna hiyo, mgonjwa hawezi kusema na mganga kwa moyo mweupe. Tulishike neno hilo, maana litarudi.

Dawa iliyoitwa «isiyo na sumu»

Dawa ya kwanza iliyoleta matumaini iliitwa Atoxyl. Jina hilo lilitaka kusema: dawa isiyo na sumu. Kumbe ndani yake mlikuwa na arseniki, sumu inayojulikana tangu kale. Mwaka wa 1905 wataalamu wa Liverpool walionyesha kwamba inaua tripanosoma katika wanyama.

Mwaka wa 1906 mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria. Alijenga kambi yake Bugala, na wagonjwa wengi mno wakamjia. Aliwachoma Atoxyl kwa kipimo cha nusu gramu. Wengi walipata nafuu, lakini baadaye vijidudu vilirudi katika damu. Basi Koch akaongeza kipimo: gramu nzima, siku mbili mfululizo, kisha mapumziko, kisha tena. Wagonjwa 22 wakapofuka, wala macho yao hayakurudi. Katika lazareti za Kongo pia Atoxyl iliwapofusha watu.

Tusimhukumu Koch kama mtu aliyetaka kudhuru. Aliona watu wanakufa kila siku, akatafuta namna ya kuwaokoa. Lakini tuangalie vema. Kuongeza kipimo cha sumu ni jambo zito, na atakayeibeba hasara yake ni mgonjwa, si mganga. Desturi ya siku zile haikudai mwenye mwili aulizwe kwanza: «Je, wakubali? Dawa hii yaweza kukudhuru hivi na hivi.» Mganga alipima, akaandika katika daftari yake, akachoma.

Bibi mganga wa Léopoldville

Miaka ilipita. Katika taasisi ya Rockefeller huko New York wataalamu walitengeneza dawa nyingine ya arseniki, triparsamide. Mwaka wa 1920 mmoja wao, bibi Louise Pearce, alisafiri peke yake mpaka Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, kuijaribu kwa wagonjwa. Aliwatibu watu 77. Matokeo yalikuwa makubwa: vijidudu vilitoweka katika damu kwa siku chache, na hata baadhi ya wale ambao ugonjwa umekwisha kuingia ubongoni walirudiwa na akili zao. Atoxyl haikuweza hilo.

Lakini triparsamide nayo ilikuwa na meno. Arseniki yake iliweza kuuma mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Na hapa, wasomaji, tuende taratibu, maana ndipo moyo wa habari yetu ulipo.

Macho hayakupofuka ghafula kama taa inayozimwa. Kwanza mgonjwa aliona vitu vinametameta, au ukungu umetanda mbele yake. Kama mganga alisikia mapema na kusimamisha dawa, mara nyingi macho yalirudi. Kama sindano nyingine ilifuata, na nyingine tena, upofu ulibaki hata kufa. Basi usalama wa mgonjwa ulisimama juu ya mambo matatu: kipimo kilinganishwe na uzito wa mwili, kabla ya kila sindano mgonjwa aulizwe habari za macho yake, na mgonjwa mwenyewe aseme bila hofu.

Tazameni: hapakuwa na mashine iliyoweza kuuona ule ukungu wa kwanza. Aliyeuona ni mgonjwa peke yake. Mkulima asiyejua kusoma alikuwa na habari ambayo mganga wa Ulaya hakuwa nayo. Mdomo wa mgonjwa ulikuwa chombo cha tiba kama sindano yenyewe.

Yaliyotokea Bafia

Sauti hiyo isiposikiwa, huwa nini? Kameruni ilituonyesha. Huko mganga Mfaransa Eugène Jamot aliongoza kazi kubwa ya kupambana na ugonjwa wa usingizi. Vikosi vyake vilikwenda kijiji kwa kijiji. Watu walipangwa mistari, wakapimwa shingo na damu, na wagonjwa wakachomwa. Watu wengi sana waliokolewa, nasi hatuwezi kulikana jambo hilo.

Lakini katika sehemu ya Bafia mganga mmoja kijana aliona kwamba akizidisha triparsamide ataponya upesi zaidi. Aliongeza kipimo mpaka mara mbili na zaidi ya kile kilichoagizwa. Jambo lilipojulikana, mnamo mwaka wa 1930, watu wapata 700 walikuwa wamepofuka. Mwaka wa 1931 Jamot mwenyewe, kama mkubwa wa kazi ile, alizuiliwa Dakar alipokuwa njiani kurudi Kameruni, na kazi yake huko ikakoma.

Mtu atatuuliza: «Je, kosa lilikuwa la dawa?» Hapana. Dawa ileile, kwa kipimo chake, iliwaponya maelfu. Kosa lilikuwa katika kipimo, na katika haraka. Haraka haraka haina baraka. Upofu wa watu 700 hauji kwa siku moja. Sindano za triparsamide zilitolewa moja moja, kila juma. Maana yake, kati ya sindano na sindano palikuwa na nafasi ya kusikiliza. Laiti kila juma mtu angeulizwa «Waonaje leo?» na jibu lake likaandikwa na kufuatwa, wengi wangebaki na macho yao. Lakini katika mstari mrefu wa watu, aliyechomwa alikuwa namba tu, na namba haiulizwi kitu.

Sindano ya watu wazima wa afya

Baada ya vita ya pili ya dunia serikali za kikoloni zilianza njia nyingine. Dawa moja, pentamidini, iliyouzwa na Wafaransa kwa jina la Lomidine, ilidhaniwa kumkinga mtu kwa miezi kadhaa. Basi katika Kongo ya Wabelgiji, Kameruni na nchi nyingine, vijiji vizima vilichomwa, hata wasio wagonjwa. Sindano zilizotolewa hivyo Afrika zilihesabiwa kwa mamilioni. Mtu mzima wa afya aliitwa kwenye mstari, akatoa mwili wake, akarudi shambani. Kukataa hakukuwa rahisi.

Mwezi wa Novemba 1954, katika sehemu ya Yokadouma, mashariki ya Kameruni, watu waliochomwa Lomidine walianza kuvimba na kuoza nyama mahali pa sindano. Waliopatwa walikuwa karibu 300, na 28 kati yao walikufa. Unga wa dawa ulikuwa umechanganywa na maji yasiyo safi. Baadaye wataalamu waliiacha kabisa njia hiyo ya kuwachoma watu wasio wagonjwa.

Funzo la Yokadouma ni hili: dawa si jina lililoandikwa juu ya chupa tu. Dawa ni pamoja na maji yanayoichanganya, na sindano inayoipitisha, na mkono wa anayeitoa. Na mtu asiye mgonjwa ana haki kubwa zaidi ya kuambiwa kwa nini anachomwa, maana akidhurika, ameletewa ubaya asiokuwa nao.

Dunia yaandika sheria

Katika miaka hiyohiyo dunia ilikuwa imeshtushwa na mambo mengine. Mwaka wa 1947, huko Nuremberg, Ujerumani, mahakimu waliwahukumu waganga waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili wakati wa vita. Pamoja na hukumu yao waliandika kanuni kumi. Ya kwanza yasema kwamba mtu asifanyiwe jaribio lolote pasipo yeye mwenyewe kukubali kwa hiari, akijua analokubali.

Mwezi wa Septemba 1952 Papa Pio wa 12, akisema na wataalamu wa magonjwa ya mishipa waliokutana Roma, alifundisha kwamba mganga hana juu ya mgonjwa uwezo mwingine ila ule mgonjwa anaompa. Mwaka wa 1964 Chama cha Waganga cha Dunia kilitoa tangazo lake Helsinki juu ya majaribio ya tiba. Mwaka wa 1981, huko Lisbon, chama hichohicho kilitangaza haki za mgonjwa: kuelezwa hali yake na matibabu yake, na kukubali au kukataa.

Wengine husema kwamba haki hizo ni mambo ya Wazungu, hazituhusu. Wakumbuke Bugala na Bafia. Afrika ililijua deni hilo kabla halijaandikwa katika karatasi.

Tangu arseniki mpaka kidonge

Mwaka wa 1949 Ernst Friedheim alileta dawa iitwayo melarsoproli. Nayo ilikuwa ya arseniki. Iliwaponya wengi ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni, lakini iliunguza mishipa kama moto, na katika kila watu 20 waliotibiwa, karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Hata hivyo ilitumika miaka mingi, kwa sababu bila dawa wote 20 wangekufa. Hapo tunaona kwamba haki ya kujua si kwa ajili ya dawa nyepesi tu. Dawa ikiwa kali namna hiyo, ndipo mgonjwa na jamaa yake wanapopaswa kuambiwa kweli, ili wakubali wakijua, na wajiandae.

Mnamo mwaka wa 1998, baada ya miaka ya vita na kuvunjika kwa kazi ya afya, wagonjwa karibu 40,000 waliandikwa katika Afrika, wengi wao wa Kongo. Tangu mwaka wa 2009 mchanganyiko wa sindano za eflornitini na vidonge vya nifurtimoksi ulichukua nafasi ya melarsoproli mahali pengi. Kisha, mwaka wa 2012, jaribio jipya likaanza katika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati: dawa ya kumeza tu, feksinidazoli. Kazi hiyo iliongozwa na mganga Mkongo, Victor Kande, na baadhi ya wagonjwa walitibiwa Masi-Manimba.

Angalieni tofauti na siku za lazareti. Wagonjwa 394 waliingia katika jaribio kubwa la dawa hiyo. Kila mmoja alielezwa kwanza, na kukubali kwake kuliandikwa. Asiyejua kusoma aliwekewa shahidi asiye na upande, aone kwamba maelezo yametolewa kweli. Mwaka wa 2018 dawa hiyo ilikubaliwa, na mwaka huo wagonjwa wapya walioandikwa katika Afrika yote hawakufika 1,000.

Tena, dawa hiyo yenyewe inamhitaji mgonjwa anayejua. Inamezwa siku 10: vidonge vingi zaidi siku 4 za kwanza, pungufu siku 6 zinazofuata. Lazima imezwe pamoja na chakula, maana tumbo likiwa tupu haiingii mwilini inavyotakiwa. Na si ya kila mtu: mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya la Dunia mwaka wa 2019 uliagiza wale ambao ugonjwa umeingia sana ubongoni wapewe sindano na vidonge vya zamani, kwa kuwa feksinidazoli iliwaponya wachache zaidi kati yao. Ndiyo sababu mgonjwa na nduguye wanaelezwa. Asiyeelezwa atameza asubuhi bila kula, na dawa njema itageuka kuwa dawa dhaifu.

Nasi tufanye nini?

Wauguzi wanafundishwa kuangalia mambo matano kabla ya kutoa dawa yoyote: mgonjwa ni yuleyule, dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, njia ya kuitoa ni ileile, na saa ni ileile. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya la Dunia lilianzisha kazi ya kupunguza madhara ya dawa katika nchi zote, maana makosa haya hayajaisha. Mambo hayo matano mgonjwa naye aweza kuyasaidia, pamoja na ndugu anayemlinda kitandani, anayempikia na kwenda kumnunulia dawa.

Muuguzi akija na dawa, tutaje jina letu kamili, kwa kuwa katika chumba kimoja wanaweza kuwapo akina Mwamba wawili. Tuulize kwa upole: «Dawa hii yaitwaje? Ni ya nini? Ina hatari gani?» Kama leo kidonge kina rangi nyingine kuliko jana, tuseme kabla ya kumeza. Ndugu aliyetumwa na karatasi ya dawa alinganishe jina la karatasi na jina la sanduku, aitazame na tarehe ya mwisho, kisha amwonyeshe muuguzi.

Na sisi tusifiche kitu. Kama tunakunywa dawa ya miti, tuiseme. Kama penisilini ilituvimbisha zamani, tuiseme. Kama mama ana mimba, aseme. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baada ya sindano, tukiona macho yameingia ukungu, masikio yanavuma, ngozi inawasha au pumzi inabana, tuite mara moja, hata usiku wa manane.

Nao waganga na wauguzi wetu, ambao kazi yao ni nyingi na mishahara yao mara nyingi yachelewa, tunawaomba jambo moja. Mgonjwa akiuliza, wasione kwamba anawadharau. Anawasaidia. Pale Léopoldville, mnamo mwaka wa 1920, mgonjwa aliyesema «naona ukungu» alikuwa anamfundisha mganga jambo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa nalo. Aliyesikiwa mapema aliweza kurudi nyumbani akiiona njia kwa macho yake.

Kuuliza si ujinga. Mgonjwa auulize mdomo wake, na mganga afungue masikio yake. Hapo dawa itakuwa dawa kweli.